Kaseti 58 za Grateful Dead: shajara ya kuzihamishia kwenye kompyuta

Jumamosi, 17 Agosti 2024. Maboksi mawili ya viatu

Jirani yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, anahamia kwa binti yake na huko hana pa kuweka kaseti zake. Jana amenikabidhi maboksi mawili ya viatu. Nimehesabu kaseti 58, nyingi zikiwa Maxell XL II za dakika 90, na zote ni maonyesho ya Grateful Dead. Baadhi alirekodi mwenyewe ukumbini, nyingine alibadilishana na watu kwa posta. Sharti alilonipa ni moja tu: zisiuzwe. Mashabiki wa bendi hii wameishi na sharti hilo miaka yote, nami nimelipokea kwa moyo mmoja.

Kwa msomaji mgeni: bendi hii ilianza California mwaka 1965 na ikakoma mwaka 1995 alipofariki Jerry Garcia, mpiga gita wao. Walipanda jukwaani zaidi ya mara 2,300, na usiku mmoja haukufanana na mwingine. Wimbo wa dakika tano ungeweza kufunguka katikati na kwenda nusu saa, kila mpigaji akimsikiliza mwenzake, kama sebene ambalo hakuna anayejua litaishia wapi. Ndiyo maana sisi hatuulizani albamu, tunaulizana tarehe.

Tupo wanne, tunaokutana kusikiliza na kubishana. Lengo ni kila kaseti iwe faili safi la FLAC (aina ya faili la sauti lisilopoteza kitu), lenye tarehe sahihi, kasi sahihi na nasaba yake: nani alirekodi, kwa chombo gani, imenakiliwa mara ngapi. Naandika hapa ili mwenye maboksi kama haya asirudie makosa yangu.

Jumamosi, 24 Agosti. Deki

Nimenunua deki ya kaseti iliyotumika, yenye vichwa vitatu, kwa dola 85. Muuzaji aliniambia inafanya kazi. Taa ziliwaka kweli, ila kaseti haikuzunguka. Nilipofungua nilikuta mikanda ya mpira imeyeyuka ikawa kama lami. Kuifuta kwenye magurudumu kulinichukua jioni nzima, pamba na spiriti. Mikanda mipya dola 14, kiunganishi cha sauti cha kuchomeka kwenye kompyuta dola 110.

Kaseti tatu zilikuwa zimepoteza kile kipande kidogo cha sufu kinachobana utepe kwenye kichwa. Gundi yake hukauka na uzee. Bila hicho sauti huja na kupotea. Dawa ni kuhamisha utepe kwenye ganda jipya lenye skrubu. Mbili zilihama bila shida. Ya tatu ganda lake halina skrubu, limeunganishwa kwa moto, na nilipolipasua kwa kisu nilikata utepe sentimita chache kutoka mwanzo. Nashukuru ulikuwa mwanzo, ambako hakuna muziki. Ganda la namna hiyo lipasuliwe kwa kubana pembe taratibu, kisu kisiingie ndani kabisa.

Jumapili, 1 Septemba. Kosa la kalenda

Hili ni kosa la aibu kidogo, lakini naliandika kwa sababu msomaji wa Kiswahili atalifanya vilevile. Nilijaza jedwali langu nikisoma tarehe kama nilivyozoea: siku kwanza, mwezi baadaye. Kaseti namba 7 imeandikwa "5/8/77". Nikaandika tarehe 5 Agosti 1977.

Mmoja wetu, dada anayezijua ziara zao kama anavyojua watoto wake, alipitia jedwali akasimama hapo hapo. Agosti 1977 hawakupiga kabisa. Mickey Hart, mmoja wa wapiga ngoma wawili, alipata ajali ya gari mwezi Juni na ziara ya kiangazi ikafutwa. Hawakurudi jukwaani hadi tarehe 3 Septemba, Englishtown, New Jersey. Wamarekani huanza na mwezi. Kaseti namba 7 ni tarehe 8 Mei 1977, Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca. Huenda ndilo onyesho lao linalojulikana kuliko yote, na mimi nililiweka kwenye mwezi ambao bendi ilikuwa nyumbani.

Nimerekebisha jedwali lote. Majina ya faili sasa yanaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 1977-05-08. Yanajipanga yenyewe na hayana utata.

Jumamosi, 14 Septemba. Kaseti tisa kurudiwa

Nilikuwa nimemaliza kaseti 11 na kuanza kujisifu. Kisha nikamsikilizisha mwenzangu ile ya sita, akauliza kwa nini matoazi yanasikika kama yamefunikwa blanketi.

Sababu ni pembe ya kichwa. Kichwa cha deki kinatakiwa kisimame wima kabisa dhidi ya utepe, na kikiinama hata kidogo sauti za juu zinapotea. Mimi nilirekebisha skrubu yake mara moja, kwa kaseti ya kwanza, nikadhani nimemaliza. Lakini kila kaseti ilirekodiwa kwenye deki yake, yenye pembe yake. Kinachotakiwa si kichwa kilichonyooka, ni kichwa kinachofanana na kile kilichorekodi.

Sasa nafanya hivi kwa kila kaseti, na kwa kila upande: natafuta sehemu yenye matoazi au makofi, nachanganya kushoto na kulia viwe sauti moja, kisha nageuza skrubu polepole sana kwa bisibisi ndogo. Pembe ikiwa mbaya, zile pande mbili hukatana na sauti inakuwa nzito. Ikifika mahali pake, matoazi yanafunguka ghafla. Ni chini ya robo mzunguko wa skrubu, na huhitaji kipimo kingine zaidi ya sikio. Kaseti tisa kati ya 11 zimerudiwa tangu mwanzo, na kila moja ni dakika 90, hakuna njia ya mkato.

Jambo la Dolby nalo, ule mfumo wa kupunguza kelele za utepe. Makaratasi mengi ya kaseti yana kisanduku cha Dolby kilichowekwa alama. Nikakiamini, nikawasha Dolby, na kaseti nne zikatoka butu. Anayenakili alikuwa akiweka alama kwa mazoea, au alitumia karatasi la kaseti nyingine. Siku hizi nahamisha zote Dolby ikiwa imezimwa. Nikisikia sauti kali kupita kiasi, narudia mara ya pili ikiwa imewashwa na kulinganisha. Faili la kwanza silifuti.

Jumapili, 29 Septemba. Mvumo wa umeme

Mwezi wote huu jambo moja limenisumbua. Nilikaa na kinanda changu nikafuatisha "Fire on the Mountain" kwenye kaseti namba 7. Wimbo ule unakwenda na kurudi kati ya kodi mbili (noti zinazopigwa pamoja), B na A, mwepesi kwa anayejifunza. Kinanda na kaseti vilikataa kupatana. Kaseti ilikuwa juu, na si kidogo.

Nilinunua kaseti ya kupimia kwa dola 35. Ina mlio mmoja wa 3,150 Hz, yaani mitetemo 3,150 kwa sekunde. Deki yangu ikausoma kama 3,197. Yaani deki inakimbia kwa asilimia moja na nusu, na kaseti 19 zilikuwa zimeshapita humo. Kuna skrubu nyuma ya mota. Nimeigeuza hadi mlio ukakaa mahali pake. Zile 19 hazihitaji kurudiwa, kwa sababu kosa linajulikana: kompyuta inapunguza kasi kwa kiwango hicho hicho. Angalizo kwa mwenye kuniiga: kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, chagua kubadili kasi, ambayo hubadili mwendo na kimo cha sauti kwa pamoja. Kubadili mwendo peke yake kutaacha kimo kibaya palepale.

Baada ya hapo kinanda bado kilikataa. Deki imenyooka, kaseti bado iko juu karibu robo toni. Basi kosa liko kwenye kaseti yenyewe: aliyenakili zamani aliicheza kanda aliyonakili kwenye deki inayokimbia.

Hapa ndipo umeme unaposaidia. Umeme wa Marekani unavuma kwa 60 Hz, na rekodi iliyochukuliwa kwenye mitambo ya jukwaani mara nyingi hubeba mvumo huo chini kabisa, hasa kwenye ukimya kati ya wimbo na wimbo. Ukiuona mvumo uko 60 kamili, kasi ni sahihi. Nikapima: 60.0. Nikachanganyikiwa, maana masikio yalisema vingine.

Siku mbili nilihangaika, nikafika mahali pa kushuku kwamba bendi ilijipandisha sauti usiku ule. Mwisho nikasimamisha kaseti na kupima tena. Mvumo wa 60 bado upo! Haukutoka Ithaca mwaka 1977, ulitoka ukutani kwangu. Deki na kompyuta zilikuwa zimechomekwa kwenye umeme na kuunganishwa kwa waya, na mzunguko huo ulikuwa unavuma. Nikachomoa chaja ya kompyuta nikaendesha kwa betri. Mstari wa 60 ukafa, na chini yake, mwembamba sana, ukajitokeza mwingine: 61.4.

Huo ndio mvumo wa usiku wenyewe. Nikashusha kasi kwa asilimia 2.3, nikakaa tena kwenye kinanda, nikabonyeza B. Tukakutana. Nilicheza kodi zile mbili kwa robo saa nzima bila kufanya jambo jingine lolote.

Jumamosi, 12 Oktoba. Kaseti iliyovaa nguo ya mwenzake

Kaseti namba 23 imeandikwa "Winterland, 6/77". Nimeiweka, na kabla ya wimbo wa pili nikajua kuna jambo. Kuna ogani la Hammond na sauti ya mwanamume wa kinanda, ya kukwaruza, inayopanda juu ya Garcia. Huyo ni Brent Mydland, ambaye aliingia bendi Aprili 1979. Winterland, ule ukumbi wa San Francisco, ulifungwa usiku wa kuamkia mwaka mpya, 31 Desemba 1978. Brent hakuwahi kupiga na bendi hii humo.

Masikio ndiyo kalenda bora kuliko maandishi. Tumejiwekea alama. Mpiga ngoma mmoja tu, na piano ya Keith Godchaux: kati ya Oktoba 1971 na Oktoba 1974, kipindi ambacho Hart hakuwepo. Sauti ya kike ya Donna Jean: haizidi Februari 1979. "Scarlet Begonias" ikiingia moja kwa moja kwenye "Fire on the Mountain": si kabla ya Machi 1977. "Touch of Grey": Septemba 1982 au baadaye. Kutokuwepo kwa wimbo hakuthibitishi kitu, kuwepo kwake ndiko kunakofunga mlango.

Jioni nzima tuliitafuta 23. "Uncle John's Band" inafungua kipindi cha pili, na usiku unapokwisha inarudi tena baada ya "Shakedown Street". Hilo halikutokea kila siku. Yule dada akasema Oakland, 26 Desemba 1979, usiku ambao bendi iliutoa rasmi mwaka 1996 kama toleo la tano la Dick's Picks, mfululizo wao wa rekodi za maonyesho. Tukaweka toleo hilo kando ya kaseti, noti kwa noti. Ndilo.

Kisha akacheka: tazameni kaseti namba 41. Imeandikwa "Oakland 12/26/79". Ndani yake kuna Donna, kuna piano ya Keith, kuna "Terrapin Station". Miaka arobaini na zaidi kaseti mbili zimekaa kila moja ndani ya kasha la mwenzake. Nilimpigia mzee simu kumweleza, akakumbuka gari lilipofunga breki na kaseti zote zikamwagika sakafuni, akaziokota gizani.

Jumamosi, 26 Oktoba. Phil Lesh

Jana Phil Lesh, mpiga besi wa bendi, amefariki, akiwa na miaka 84. Leo sikuhamisha kaseti mpya. Tulikaa wanne tukarudia zilizokwisha, tukisikiliza gita la besi peke yake.

Kazi ya besi kwenye bendi nyingi ni kushika msingi na kubaki chini. Lesh hakuwa hivyo. Alikuwa anazungumza na Garcia, anamjibu, anamtangulia, wakati mwingine anamwacha aende peke yake halafu anamdondoshea noti moja nzito inayobadilisha kila kitu. Kwenye "Morning Dew" ya Cornell, Garcia anapiga noti ndogondogo kwa haraka, zikipanda na kupanda, na ukimfuata Lesh chini yake unasikia nani anayeinua paa.

Tuligundua pia kwamba kaseti nne nilizozipunguza sauti za chini "ili zisivume" nilimwondoa yeye. Nimezirudisha zilivyokuwa. Tangu leo sigusi sauti za chini wala za juu kwenye faili la msingi.

Jumapili, 17 Novemba. Bodi au ukumbini

Ubishi wetu mkubwa umefika mezani. Rekodi ya bodi hutoka moja kwa moja kwenye mitambo ya sauti: kila chombo kiko wazi, watu hawasikiki. Rekodi ya ukumbini hutoka kwenye maikrofoni za shabiki: kuna mwangwi, kuna makofi, kuna jirani anayepiga mluzi. Mimi nilianza mradi huu nikiwa mtu wa bodi, bila shaka yoyote.

Cornell ni ya bodi. Ilirekodiwa na Betty Cantor-Jackson, na ukiisikia utaelewa kwa nini watu hutaja jina lake kwa heshima. Sehemu ya kanda zake iliuzwa kwenye mnada wa bohari mwaka 1986 na kutoka hapo nakala zikasambaa duniani. Mwaka 2012 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza kuiweka rekodi ya Cornell kwenye orodha yake ya rekodi za kuhifadhiwa, na toleo rasmi likatoka Mei 2017. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba sifa ya usiku ule imetokana na usafi wa kanda kuliko upigaji, na kwamba Veneta, Oregon, 27 Agosti 1972, ni bora zaidi. Nakubaliana naye nusu. "Dark Star" ya Veneta, dakika 31 hivi, inakwenda mahali Cornell haikuthubutu kwenda. Lakini mpito wa "Scarlet" kwenda "Fire" wa Cornell sijausikia ukipitwa.

Kisha tukaweka kaseti namba 50. Hampton, Virginia, 9 Oktoba 1989, rekodi ya ukumbini. Aliyerekodi ni rafiki wa mzee, na hii ni nakala ya kwanza. Wakati huo kurekodi kulikuwa halali: tangu Oktoba 1984 bendi ilitenga eneo maalum la warekodi, na tiketi zake. Kwenye kipindi cha pili zinaanguka noti za mwanzo za "Dark Star", wimbo ambao haukuwa umepigwa tangu Julai 1984. Kuna sekunde moja hivi ambayo hakuna kitu. Halafu ukumbi mzima unapiga kelele, na kelele ile haishuki, inazidi, mpaka maikrofoni zinaelemewa na gita linazama kabisa ndani yake. Karibu sana na maikrofoni mtu mmoja anasema "hapana, hapana, hapana" kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayelia.

Toleo rasmi la usiku huo tunalo, na muziki wake ni safi zaidi mara kumi. Kelele zipo, lakini kwa mbali. Huyo mtu hayupo. Nimebadilisha utaratibu: kaseti ya ukumbini haifutwi wala kurukwa kwa sababu tu ya bodi ya usiku uleule kupatikana. Nilikuwa nimepanga kuacha kaseti 14 kwa hoja hiyo. Zote zimerudi kwenye foleni.

Jumapili, 8 Desemba. Pale kaseti inapogeuzwa

Upande mmoja ni dakika 45, na bendi haikuwa inatazama saa. Kaseti kumi na moja zina pengo katikati ya wimbo, pale mtu alipokuwa anageuza. Wenzangu wawili walitaka nizibe mapengo kwa rekodi nyingine ya usiku huo huo. Mmoja alipinga kabisa.

Nilijaribu pengo moja la sekunde 40. Kwanza, kasi za rekodi mbili hazilingani, kwa hiyo kiraka lazima kinyooshwe kabla ya kushonwa. Pili, kiraka nilicholetewa kwenye CD kilisikika kizuri, ila nilipotazama picha ya masafa yake (mchoro unaoonyesha sauti za chini hadi za juu), kila kitu juu ya 16 kHz, yaani mitetemo 16,000 kwa sekunde, kilikuwa kimekatwa kama kwa rula. Hiyo ni alama ya MP3, faili lililobanwa kwa kutupa sehemu ya sauti, iliyogeuzwa kuwa faili kubwa. Anayekupa haoni, wala hakudanganyi. Naye alipewa hivyohivyo. Picha ya masafa itazamwe kabla ya kupokea chochote.

Tumekubaliana hivi: faili la msingi linabaki na pengo lake. Kando yake kunakuwa na nakala ya kusikilizia yenye kiraka, na maandishi yanayosema kiraka kinaanza sekunde gani, kinaishia wapi, kimetoka wapi.

Jumamosi, 11 Januari 2025. Hesabu

Kati ya kaseti 58, zimehama 55. Moja haina kitu, mbili utepe umekunjamana vibaya na nimeziweka kando hadi nipate mtu mwenye ujuzi kunizidi. Kaseti 49 zina tarehe tuliyoithibitisha. Sita zimebaki na miaka tu, kwa mfano "1979 hadi 1982", na tumeandika sababu ya kusema hivyo.

Fedha: deki 85, mikanda 14, kiunganishi 110, kaseti ya kupimia 35, maganda mapya na spiriti 22, diski mbili za kuhifadhia 130. Jumla dola 396. Diski ni mbili kwa makusudi, moja iko kwa yule dada. Muda sikuuhesabu vizuri. Kaseti hupita kwa mwendo wake, na nilizorudia ni nyingi.

Juzi nilimpelekea mzee maboksi yake pamoja na diski ndogo yenye kila kitu. Kaseti 23 na 41 nilikuwa nimezirudisha kila moja kwenye kasha lake. Alizitoa, akazitazama, akazibadilisha tena kama zilivyokaa miaka yote. Kisha akaniomba nimwekee Hampton, akaongeza sauti mwenyewe, na kelele zilipoanza akanyoosha kidole kwenye spika akaniambia yule anayesema "hapana" anamjua.

Nimeongeza hilo kwenye maandishi ya namba 50, bila jina. Zile mbili zilizokunjamana nitazianza Februari.